Walipouzwa, Mungu Alikuwa Wapi?

 

Asafiriye kutoka Tabora kwenda kusini, akiisha kuipita Sikonge, hufika Ipole, mahali njia inapogawanyika: moja yaelekea Rungwa hata Mbeya, nyingine yakatiza misitu ya miyombo kwenda Mpanda. Hapo Ipole, baada ya Misa ya Dominika moja, mzee mmoja alitungoja nje ya kanisa. Hakutaka kuungama wala kuombewa. "Padre," alisema, "bibi yangu mzaa baba aliletwa nchi hii amefungwa kamba shingoni, angali mtoto. Alilia njia nzima. Huyo Mungu mnayetuhubiria kwamba husikia kilio cha mnyonge, siku zile alikuwa wapi?"

Tulikuwa na jibu tayari, lile la seminarini, juu ya hiari aliyopewa mwanadamu. Tukalitoa. Mzee alisikiliza kwa heshima, akasema, "Asante, Padre," akaenda zake. Tulijua kwamba hatukumjibu.

Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa kitovu cha njia kuu iliyotoka Bagamoyo hata Ujiji, na vijia vyake vilishuka kusini na kusini-magharibi. Haki yatudai tutenganishe mambo. Wapagazi Wanyamwezi waliobeba mizigo kwa ujira walikuwa watu huru, tena wenye kujivunia kazi yao. Si kila aliyebeba pembe ya ndovu alikuwa mtumwa. Lakini katika njia zilezile walipitishwa waliotekwa. Baadhi yao walifikishwa pwani. Wengine wengi walibaki hukuhuku Unyanyembe, wakilima mashamba ya wafanyabiashara wa Kiarabu, na pia mashamba ya Wanyamwezi wenyewe ambao vijana wao walikuwa safarini. Jambo hili la mwisho hatupendi kulisimulia. Tumezoea kusema kwamba watumwa walichukuliwa na wageni, kana kwamba hakuna mkono wa nyumbani uliopokea nguo na shanga. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini huku bara sheria ya kuufuta utumwa Tanganyika ilikuja mwaka 1922 tu.

Nalo Kanisa lisijifiche. Wakristo wa Ulaya walinunua na kuuza Waafrika kwa karne kadhaa, na Papa Yohane Paulo II aliomba msamaha kwa ajili hiyo kisiwani Gorée, Senegal, mwaka 1992. Hata wema wetu ulikuwa na kitendawili chake. Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, waliwakomboa watoto kwa kuwanunua, wakawalea katika vituo kama kile cha Kipalapala, karibu na Tabora. Je, fedha ile haikumtia muuzaji hamu ya kwenda kuteka mwingine? Na kama padre angepita bila kununua, angemwambia nini mtoto aliyekuwa mbele yake? Hatuoni aibu kukiri kwamba swali hili latushinda.

Mmojawapo wa watoto hao hakukombolewa kwetu, bali Algeria. Adrien Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na mto Niger, katika nchi iitwayo leo Mali. Alinyakuliwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akanunuliwa na Mapadre Weupe, kisha akapelekwa Malta kusomea udaktari. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, katika ngome iliyojengwa na Wabelgiji mwaka 1879 na kukabidhiwa kwa wamisionari mwaka 1885. Ukifuata leo njia ya Mpanda kutoka Ipole, na kuendelea mpaka ziwani, ndiko utakakofika. Hapo alitibu na kufundisha dini hadi alipofariki mwaka 1956: miaka 67. Mtoto wake Joseph akawa padre.

Ni rahisi kusema, "Tazameni, Mungu aligeuza ubaya kuwa wema," tukafunga kitabu. Tulikaribia kusema hivyo. Tukarudi kwanza katika Kitabu cha Mwanzo, kwenye habari za Yosefu aliyeuzwa na ndugu zake. Sura ya 37, inayosimulia jinsi alivyotupwa shimoni, haimtaji Yosefu akilia, wala Mungu akisema neno. Twasoma tu kwamba ndugu zake waliketi kula chakula. Kilio chake twakisikia kwa mara ya kwanza katika sura ya 42, baada ya miaka mingi, njaa ilipowafikisha Misri. Nacho chatoka vinywani mwa wale waliomuuza, wakikumbushana jinsi alivyowasihi nao wasisikie. Kwa muda wote ule kilio kilikuwa ndani yao. Na ni Yosefu mwenyewe aliyeweza kusema kwamba Mungu alikusudia mema. Ndugu zake hawakuthubutu kulisema neno hilo kwa niaba yake.

Tulimrudia mzee wetu wa Ipole baadaye, tukamsimulia habari za Atiman. Alitikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akauliza, "Na wale ambao hakuna aliyewakomboa?" Safari hii hatukutoa jibu. Tuliomba radhi kwa lile la kwanza, tukamwuliza bibi yake aliitwa nani. Alitutajia jina, akaongeza kwamba hilo alipewa na waliomnunua. Lile alilopewa na mama yake hakuna aliyelijua katika ukoo.

Tarehe 2 Novemba, katika Misa ya Marehemu Wote, twalitaja jina hilo pamoja na majina mengine ya parokia. Tukiisha kulitaja, twanyamaza kidogo kwa ajili ya lile jingine, kisha twaendelea.