Kanuni za mwendo na sababu ya abiria 'kurushwa' garini

GARI la abiria linapogonga lori au kubingirika, taarifa za ajali husema kwamba baadhi ya abiria walirushwa nje. Usemi huo umezoeleka, lakini mara nyingi, kwa mujibu wa elimu ya fizikia, hakuna kilichowarusha. Gari ndilo lililosimama. Wao waliendelea na safari kwa kasi ile ile waliyokuwa nayo, mpaka kiti cha mbele, kioo au lami ilipowazuia.

Tofauti hiyo ndiyo msingi wa sheria za mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo. Kanuni zinazoieleza ni tatu, na ziliwekwa wazi na Mwingereza Isaac Newton katika kitabu alichokichapisha kwa lugha ya Kilatini mwaka wa 1687. Hadi leo, wahandisi wa magari, barabara na madaraja huzitegemea katika kazi zao.

KANUNI YA KWANZA

Kitu kilichotulia hubaki kimetulia, na kilicho mwendoni huendelea mbele kwa kasi ile ile katika mstari ulionyooka, mpaka kani kutoka nje ikilazimishe kubadilika. Kani ni nguvu yoyote ya kusukuma au kuvuta. Tabia hii ya vitu kupinga mabadiliko ya mwendo huitwa inesha.

Kwa karne nyingi wasomi waliamini, kama alivyofunza Aristotle wa Ugiriki, kwamba kitu hakiwezi kuendelea kwenda bila kusukumwa. Imani hiyo ilionekana kuwa kweli kwani mkokoteni ukiachwa husimama. Galileo Galilei wa Italia, aliyeishi kati ya 1564 na 1642, aling'amua kwamba kitu huzuiwa na msuguano. Msuguano ukipungua, kitu huenda mbali zaidi.

Utingo wa matatu huijua kanuni hii hata kama hajawahi kuisoma darasani. Anaposhuka kabla gari halijasimama, huelekea upande gari linakokwenda, kisha hukimbia hatua kadhaa. Miguu yake huzuiwa na ardhi, ilhali kiwiliwili bado kina kasi ya gari. Asipokimbia huanguka kifudifudi, pengine karibu na gurudumu la nyuma.

KANUNI YA PILI

Kani inayohitajika kubadilisha mwendo hutegemea mambo mawili: tungamo la kitu, yaani wingi wa maada iliyomo, na jinsi mabadiliko hayo yanavyotokea kwa haraka. Lori lililosheheni ni gumu kusimamisha kuliko gari dogo. Vilevile, kusimama ghafla hudai kani kubwa kuliko kusimama taratibu.

Chukua mfano wa mtu mwenye kilo 70 aliye katika gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, kisha gari hilo ligonge ukuta. Sehemu ya mbele ya gari ikibonyea na mkanda ukinyumbuka kidogo, mwili wake huweza kusimama katika umbali wa takriban nusu mita. Kani itakayomkabili italingana na uzito wa tani 1.4 hivi. Ni kani kubwa, lakini mkanda huigawa begani, kifuani na kwenye nyonga, ambako mifupa ni imara.

Asiyefunga mkanda husimamishwa na dashibodi au kiti cha mbele. Ikiwa umbali huo ni sentimita 5 tu, kani huongezeka mara 10 na kufikia karibu tani 14. Hakuna fuvu wala kifua kinachoweza kuistahimili.

Hesabu hiyo hiyo huonyesha hatari ya kumpakata mtoto. Katika ajali ya kasi hiyo, hata mzazi mwenyewe akiwa amefunga mkanda, kumzuia mtoto wa kilo 10 ni sawa na kushikilia mzigo wa karibu kilo 200 kwa mikono mitupu. Mapenzi ya mzazi hayapunguzi kilo hata moja.

Mkanda unaoshika bega na kiuno kwa pamoja, katika muundo wake wa sasa, ulibuniwa mwaka wa 1959 na Nils Bohlin, mhandisi wa kampuni ya Volvo nchini Uswidi. Kofia ya mwendeshaji bodaboda hufanya kazi kwa msingi huo huo. Sponji ngumu iliyo ndani hubonyea, na hivyo kurefusha kidogo muda wa kichwa kusimama.

KANUNI YA TATU

Kila kani huwa na kani nyingine iliyo sawa nayo, inayoelekea upande wa pili. Gurudumu huisukuma barabara nyuma, na barabara hulisukuma gari mbele. Penye matope, gurudumu hukosa cha kusukuma, likazunguka bure huku gari likibaki palepale.

Breki nazo hutegemea makubaliano hayo ya tairi na lami. Breki huzuia gurudumu kuzunguka, lakini kinachosimamisha gari ni msuguano wa barabara. Ndiyo sababu tairi lililokwisha meno ni hatari wakati wa mvua, hata kama breki ni mpya.

GHARAMA YA KASI

Wengi hudhani kwamba kasi ikiongezeka maradufu, hatari nayo huongezeka maradufu. La hasha. Nishati ya mwendo huongezeka kwa kipeo cha pili, hivi kwamba kasi ikiwa mara mbili, nishati huwa mara nne.

Dereva anayeona ng'ombe barabarani huhitaji takriban sekunde moja kabla ya kukanyaga breki. Kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa, gari litakuwa limekwenda mita 14, na litahitaji mita nyingine 14 hivi kusimama kwenye lami kavu. Jumla ni mita 28. Kwa kilomita 80 jumla hufika karibu mita 58, na kwa kilomita 100 ni mita 84. Mvua ikinyesha, umbali huo hurefuka zaidi.

Kugonga ukuta kwa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha mita 10. Kwa kilomita 80 ni mita 25, kimo cha jengo la takriban ghorofa nane. Kwa kilomita 100 ni karibu mita 40.

Ulinganisho huo hufaa pia kinyume chake. Lori linaloachwa literemke bila gia wala breki huwa limefikia kasi ya kilomita 80 kwa saa baada ya kushuka kimo cha mita 25 tu, msuguano usipohesabiwa. Kwenye miteremko mirefu kama ya Salgaa, katika barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret, dereva anayetoa gia ili kuokoa mafuta huziachia breki peke yake jukumu la kuigeuza nishati hiyo yote kuwa joto. Breki zikipata moto kupita kiasi, hulegea.

VITU VINAVYORUKA

Galileo ndiye aliyeonyesha kwamba kitu kilichorushwa huwa na miendo miwili isiyoingiliana. Kimoja humpeleka mbele, kingine humshusha chini kutokana na mvutano wa ardhi. Miendo hiyo ikiungana hufanya mkunjo kama wa jiwe la teo au mpira uliopigwa juu.

Gunia lililo juu ya paa la matatu, mita 2.5 kutoka ardhini, huchukua sekunde 0.7 kuanguka, gari liwe linakimbia au limesimama. Lakini gari la kilomita 80 kwa saa likisimama ghafla na kamba zikatike, gunia hilo litatua karibu mita 16 mbele, kisha liendelee kuserereka. Abiria anayetoka kupitia dirishani hufuata njia hiyo hiyo.

Hali haibadiliki ndani ya gari. Aliyeketi nyuma bila mkanda humwangukia wa mbele kwa uzito wa tani kadhaa, hata kama huyo wa mbele amejifunga.

Kanuni zilizoanza kutekelezwa nchini Februari 1, 2004, wakati John Michuki akiwa Waziri wa Uchukuzi, zililazimisha matatu kuwa na vidhibiti mwendo visivyoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa, na mikanda kwa kila kiti. Jina la 'sheria za Michuki' limedumu. Hata hivyo, mkanda unaovutwa na kushikiliwa kwa mkono gari linapokaribia kizuizi cha polisi, kisha ukaachiliwa, humridhisha afisa wa trafiki pekee. Inesha haikaguliwi kizuizini.