Mali Bila Daftari: Mnara wa Kigomasha na Miji ya Kale ya Pemba

Ndugu wanajumuiya,

Kila mwaka kijarida hiki huwaeleza kisima kilichochimbwa, darasa lililoezekwa na pesa zilizobaki benki. Mwaka huu nimeombwa niandike habari za mali nyingine tuliyo nayo, ambayo haimo katika hesabu zetu: mnara wa taa wa Ras Kigomasha, na magofu ya miji ambayo wazee wetu waliijenga mamia ya miaka kabla ya mnara huo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi wahasibu tunaifuata methali hii kama sheria ya kazi, na makala haya yanaeleza kwa nini naona inatuhusu sote.

Mnara wa Kigomasha

Tuanze kaskazini. Ukitoka Konde, barabara inaingia msitu wa Ngezi, makazi ya popo wa Pemba, mnyama asiyepatikana pengine popote duniani. Ukiupita msitu, upande mmoja una pwani ya Vumawimbi na upande wa pili pwani ya Verani, mpaka ardhi inakwisha. Hapo ndipo uliposimama mnara wa chuma, uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 20, Zanzibar ikiwa chini ya ulinzi wa Waingereza uliotangazwa mwaka 1890.

Kwa nini hapo? Jibu limo baharini. Unguja imekaa juu ya maji mafupi yanayoiunganisha na bara. Pemba imechomoza kutoka kilindini. Mkondo kati yetu na Tanga una upana wa kiasi cha kilomita 50, na kuna mahali kina chake kinafika mita 800. Kwa wavuvi hiyo ni neema, maana samaki wakubwa wa maji makuu wanapita karibu na nyumbani. Kwa nahodha mgeni usiku wa giza ni hatari. Pwani nyingine chini ya bahari hupanda polepole, na bildi humwonya mapema. Kwetu sisi anaweza kutia bildi asipate chini, kisha baada ya muda mfupi akajikuta yuko juu ya miamba.

Wazee wetu walizijua hatari hizo bila ya taa. Walisafiri kwa nyota, kwa pepo za kaskazi na kusi, kwa rangi ya maji na kwa miti mirefu waliyoiweka alama. Lakini mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, meli za moshi ziliongezeka pwani hii, na manahodha wake hawakuwa na elimu hiyo ya kurithi. Kisha mwaka 1872 tufani kubwa iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikawa ndiyo shamba kuu la karafuu la Zanzibar. Biashara ilitaka meli, na meli zilitaka taa.

Mnara wa taa hufanya kazi kwa hesabu. Kila taa ina mwako wake: mara ngapi inawaka, kwa muda gani inazima. Mwako huo umeandikwa katika ramani na vitabu vya mabaharia. Nahodha akiiona taa kwa mbali huhesabu, kisha hutazama kitabu, akajua ile ni taa gani na yeye yuko wapi. Kwa njia hiyo jina la Kigomasha limeandikwa katika ramani zinazotumiwa na watu ambao hawajawahi kukanyaga Pemba na pengine hawatakanyaga.

Mgeni akiruhusiwa na mlinzi hupanda ngazi za ndani mpaka juu. Kutoka kule anauona mkondo wote, rangi ya bluu nzito ikianza ghafla pale mwamba unapokatika, na nyuma yake msitu wa Ngezi. Ninawashauri wanaokwenda nyumbani kwa sikukuu wawachukue watoto wao kule. Jiografia ya kisiwa chetu inaeleweka juu ya mnara ule kwa robo saa.

Miji iliyokuwepo kabla ya mnara

Mnara umeandikwa kwa sababu wapita njia wanauhitaji. Sasa tuangalie mali ambayo hakuna meli inayoihitaji.

Masoud, au al-Mas'udi kama wanavyomwita wanavyuoni, alikuwa msafiri na mwandishi wa Baghdad. Mwaka 916 alisafiri kutoka kisiwa alichokiita Qanbalu kurudi Oman. Aliandika kwamba kisiwa hicho kina wakaazi Waislamu pamoja na wengine wasiokuwa Waislamu, na kwamba watawala wake ni Waislamu. Wataalamu wengi wanaona kisiwa hicho ni Pemba, na wengi wao wanautaja mji wa Ras Mkumbuu, kwenye ncha ya ile rasi ndefu iliyo magharibi ya Chake Chake. Huko yako magofu ya msikiti mkubwa na makaburi yenye nguzo. Wachimbaji walipochimba chini ya msikiti unaoonekana leo, walikuta mabaki ya misikiti ya zamani zaidi.

Karne ya 13 mwandishi mwingine, Yaqut, alikitaja kisiwa cha kijani chenye miji miwili. Mmoja unafanana na Mkumbuu, wa pili unafanana na Mtambwe. Sisi wenyewe bado tunajivunia jina hilo la Kiarabu, al-Jazira al-Khadra, Kisiwa cha Kijani.

Mtambwe Mkuu uko kusini ya Wete. Maji yakijaa panakuwa kisiwa, yakitoka unapita kwa miguu. Mwaka 1984 wachimbaji walikuta hapo hazina ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu zilizotoka nchi za mbali. Zile za fedha zina majina ya watawala wa pwani hii, na maandishi yake yamepangwa kwa vina: jina la mtawala upande mmoja, na sifa ya Mwenyezi Mungu upande wa pili.

Nataka mlifikirie jambo hili kidogo. Mmoja wa watawala hao ni Ali bin al-Hasan, ambaye sarafu zake zimepatikana Kilwa pia. Kabla ya hapo wataalamu walidhani alitawala baadaye sana. Dinari za dhahabu zilizokuwa pamoja na sarafu zake Mtambwe zilionyesha kwamba ni mtu wa karne ya 11. Kwa hiyo tarehe za masultani wa Kilwa, mji uliotajwa katika vitabu vingi kuliko wetu, zililazimika kupitiwa upya kwa sababu ya mfuko wa pesa uliofukiwa Pemba. Aliyezifukia hakurudi kuzichukua. Lau shamba lile lingejengwa nyumba kabla ya wachimbaji kufika, habari hiyo tusingeipata mpaka leo.

Kaskazini tena, eneo la Tumbe na Chwaka lina habari ya aina nyingine. Tumbe ya leo inajulikana kwa soko la samaki. Hapo hapo palikuwa na mji mkubwa kati ya karne ya 7 na ya 10, na wachimbaji wamekuta vigae vingi vyenye mifereji, vilivyotumika kusagia shanga. Maana yake watu wa Tumbe wakati ule walikuwa na kazi za mikono, hawakukaa wakingoja vitu vya ng'ambo. Mji ule ulipohamwa, Chwaka jirani yake ikakua kuanzia karne ya 11. Magofu ya msikiti na makaburi yake ndiyo watu wanayoyaita ya Haruni, ambaye masimulizi yanasema alikuwa mtoto wa Mkama Ndume.

Na Mkama Ndume mwenyewe nani asiyemjua? Ngome yake iko Pujini, kusini mashariki ya Chake Chake, nayo ni ya karne ya 15 hivi. Wazee wanasimulia ukali wake, jinsi alivyowabebesha watu mawe huku wakijikokota kwa makalio. Wanasimulia pia kisima kilichotiwa ukuta katikati ili wake zake wawili wasionane wanapoteka maji. Wachimbaji nao wamekuta chumba cha chini ya ardhi chenye picha ya siwa iliyochongwa kwenye lipu. Siwa ni baragumu la wafalme wa pwani, na huyu aliyefanya picha yake alitaka ajulikane kuwa mwenye enzi. Masimulizi yanatupa tabia ya mtu, mawe yanatupa tarehe na cheo chake. Ukipoteza kimoja, kingine kinabaki nusu.

Kwa nini tutoe pesa

Najua yatakayosemwa. Visima, skuli na dawa vinatangulia, na mawe ya kale hayamponyi mtu. Ni hoja ya haki, wala siombi tupunguze hata shilingi katika miradi hiyo. Nasema mambo matatu tu.

La kwanza, mali hii inapungua kila mwaka. Mti ukiota katika ukuta unaupasua. Bahari inakula ufukwe. Jiwe lililokatwa ni rahisi kuchukuliwa likajengee banda. Katika uhasibu gari likichakaa unalifuta kwenye vitabu ukanunua jingine. Msikiti wa Ras Mkumbuu ukianguka hakuna pa kununua mwingine. Na bibi anayejua kisa cha kisima cha Pujini namna alivyokisikia kwa bibi yake, akifariki, kisa hicho anakwenda nacho.

La pili, tumeshaona kinachowezekana. Mnara wa Chumbe, karibu na Unguja, ulijengwa mwaka 1904. Tangu mwaka 1994 kisiwa kile ni hifadhi, nyumba ya mlinzi wa taa imekuwa kituo cha wageni, na watoto wa skuli hupelekwa kujifunza habari za matumbawe. Kigomasha ina mnara, ina msitu, ina mwamba, na nusu siku tu mbali nao yapo magofu ya Chwaka. Kijana wa Konde au Makangale anayezijua habari hizi vizuri anaweza kumtembeza mgeni na kulipwa kwa elimu yake. Asipozijua, atatembeza mtu mwingine aliyetoka mbali.

La tatu ni zito kidogo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikija Pemba. Hakuna kijiji chetu kisichojua msiba ule. Bahari ile ilikuwa na minara yake ya taa, lakini taa haiwezi kuokoa chombo kilichopakiwa kupita kiasi. Na tulipotaka kujua ni wangapi walikuwamo, orodha ya abiria haikulingana na watu waliopanda. Tangu wakati ule nimeona kwamba kuandika ni namna ya kumheshimu mtu. Asiyeandikwa hata kuombolezwa kwa jina ni tabu. Watu waliojenga Mkumbuu, Mtambwe, Chwaka na Tumbe ni wazee wetu, na majina machache tuliyo nayo tumeyapata kwa bahati, kwenye sarafu.

Tunachoomba

Katika mchango wa mwaka huu kamati inapendekeza fungu dogo, tofauti na la visima na skuli, kwa kazi tatu. Kwanza, kurekodi sauti za wazee wa shehia zilizo jirani na magofu na mnara, na nakala zihifadhiwe nyumbani, si Dar es Salaam wala Muscat tu. Pili, vibao vya maelezo kwa Kiswahili na kusafisha njia, kwa idhini ya Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale na kwa kushirikiana na masheha. Mtu asikate mti wala kugusa jiwe kwa hiari yake, maana mwenye nia njema anaweza kuharibu kuliko mvua. Tatu, safari moja kwa mwaka kwa wanafunzi: Makumbusho ya Pemba katika ngome ya Chake Chake, magofu ya Chwaka, kisha mnara wa Kigomasha.

Hesabu za fungu hili zitachapishwa katika kijarida cha mwakani, kila shilingi na kazi yake, kama tunavyofanya kwa visima.

Asiye na pesa ana kitu kingine. Mwenye picha ya zamani ya mnara, barua ya babu aliyekuwa baharia au hati ya shamba inayotaja magofu, ailete kwa katibu apigiwe nakala na arudishiwe asili yake. Mwenye mzazi aliye hai, ampigie simu wiki hii amuulize: mlituambia nini kuhusu Mkama Ndume tulipokuwa wadogo? Aandike jibu, atie jina la aliyesema na tarehe. Huo ni ukurasa wa kwanza wa daftari letu.