Kwa Nini Jimbo, Si Mji?

Hebu fikiria: maji machafu ya jirani ndiyo unayokunywa. Ndivyo ilivyokuwa Lawrence, Massachusetts, nchini Marekani. Mto Merrimack ulipitia Lowell kwanza, ukazoa majitaka, kisha ukafika Lawrence. Mwaka 1890 homa ya matumbo ikaua watu katika miji yote miwili. Meya wa Lawrence angefanya nini? Lowell haikuwa chini yake! Bodi ya afya ya jimbo, iliyoundwa 1869, haikufungwa na mipaka ya miji. Wataalamu wake wakafuatilia ugonjwa kuelekea juu ya mto. Kituo chake cha majaribio, kilichoanzishwa 1887, kilikuwa tayari kinachuja maji kwa mchanga. Mwaka 1893 Lawrence ikapata chujio lake. Vifo vikapungua sana. Basi ukifungua bomba leo, jiulize: huko juu ya mto, nani analinda?