Mali ya kurithi ilivyoinyima JavaScript neno

Kuna swali ambalo wataalamu wa istilahi wangeweza kulikesha: hiki ambacho lugha ya JavaScript hukiita 'property', tukiite sifa au mali? Mimi hutumia sifa. Hata hivyo, anayesema mali hajapotea njia, kwa sababu katika lugha hiyo vitu hurithi.

Hebu tufafanue. Kitu ndani ya JavaScript ni fungu la majina, kila jina na thamani yake. Kitu kiitwacho gari kinaweza kuwa na jina 'rangi' lenye thamani nyekundu, na 'magurudumu' lenye thamani 4. Zaidi ya hayo kitu kina mzazi, yaani kiolezo. Ukikiuliza jina ambalo hakina, lugha humwendea mzazi, kisha babu, hadi ukoo uishe. Wazo hilo Brendan Eich alilitoa katika lugha nyingine iitwayo Self, alipoisanifu JavaScript katika kampuni ya Netscape mnamo Mei 1995. Alitumia siku 10. Sisi wa Kiswahili tumewahi kubishania neno moja kwa muda mrefu kuliko huo.

Sasa, mwandishi wa programu akitaka kujua kitu chake kimebeba nini, alifanyaje? Ukikitoa chote kwa mkupuo kama maandishi, kivinjari hujibu kwa maneno mawili makavu, '[object Object]'. Ni kama kumwuliza mtu yeye ni nani, naye akujibu, "Mimi ni mtu." Kwa hiyo watu walitumia kitanzi cha 'for...in', kinachopitia sifa moja baada ya nyingine, na kuzionyesha katika kijisanduku ambacho lazima ukibonyeze ndipo kingine kije. Kitu chenye sifa 40, mibonyezo 40! Afueni kubwa ilikuja mwaka 2006, Joe Hewitt alipotoa Firebug, nyongeza ya kivinjari cha Firefox iliyokuwezesha kukifunua kitu na kukichungulia tabaka kwa tabaka.

Lakini kitanzi kile kilikuwa na tabia moja. Hakikutenga mali ya mtoto na ya mzazi. Mbinu ambazo lugha yenyewe huzaliwa nazo hakikuzionyesha, zimefichwa. Ila chochote ambacho mtu amemwongezea mzazi kwa mkono wake kilijitokeza kwa kila mtoto. Toleo la tatu la kanuni za lugha, la Desemba 1999, lilileta njia ya kuuliza iwapo sifa ni ya kitu chenyewe. Toleo la tano, la Desemba 2009, likaleta 'Object.keys', inayotaja majina ya kitu chenyewe tu. Kufikia hapo, kurasa zisizo na idadi zilikuwa zimeandikwa kwa mtindo wa kale.

Miongoni mwazo zilikuwa zile zilizotumia MooTools, mkusanyiko wa misimbo uliovuma miaka hiyo. Waundaji wake waliona orodha za JavaScript hazina mbinu ya kuzichukua orodha zilizo ndani ya orodha na kuzilaza ziwe moja. Wakamwongezea mzazi wa orodha zote mbinu hiyo, wakaiita 'flatten'. Kisha wakapitisha 'for...in' kwa mzazi huyo ili kunakili kila kilichojitokeza na kukipa kitu chao kingine, kiitwacho Elements.

Miaka ikapita. Kamati inayosimamia lugha, TC39, iliyo chini ya shirika la Ecma lenye makao Geneva, ikaamua JavaScript iwe na mbinu hiyo kiasili, kwa jina lilo hilo. Mwezi Machi 2018 ikatiwa katika toleo la majaribio la Firefox, na tovuti moja ikaharibika. Kumbe sifa ya asili imefichwa, na ukiweka yako juu yake kwa jina lile lile, nayo inabaki kufichwa. Kitanzi cha MooTools kilipita, hakikuiona 'flatten', hakikuinakili, na kitu chao kikakosa mbinu.

Mwanakamati mmoja, Michael Ficarra, alipendekeza kwa utani iitwe 'smoosh', neno la kitoto la kupondaponda. Kelele zilizofuata zilikuwa za kweli. Wapo waliosema MooTools imezeeka, ife. Naona kamati ilifanya vyema kuwakatalia. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, Wamvita hawakukatika ndimi. Waliendelea kusema Kimvita, na wanaosoma sanifu wakawaelewa. Ukurasa wa wavuti ambao mwenyewe aliutelekeza zamani hauna uwezo huo. Hauwezi kukisia maana, wala kumwomba msemaji arudie. Na anayeumia ni msomaji aliyeufungua akitafuta jambo lake, asiyejua MooTools ni mnyama gani.

Mwezi Mei mwaka huo wakakubaliana kuiita 'flat', jina lisilogongana na la mtu, nalo likaingia katika kanuni za 2019. Kitanzi cha 'for...in' hakikuguswa. Kingali kinataja mali ya mzazi pamoja na ya mtoto, na 'flatten' ingali ya MooTools, katika kurasa ambazo pengine hakuna tena anayezitunza.