Njia ya Magari ya Saadani

Kaskazini ya Bagamoyo, ukiisha kupita mlango wa mto Wami, upo mji mdogo wa Saadani. Wasomaji wengi waujua kwa habari za Bwana Heri, aliyepigana na Wadachi katika mwaka 1889. Habari tutakayo kuieleza ni ya miaka 12 kabla yake, nayo si ya bunduki: ni ya mafundi waliotafuta jinsi ya kupeleka mizigo bara.

Siku zile kila kitu kilikwenda juu ya vichwa vya wapagazi, ratili 60 au 70 kwa mtu mmoja. Katika 1876 alifika Alexander Mackay, mzaliwa wa Uskoti, mtu wa C.M.S., aliyesomea uhandisi Edinburgh na kufanya kazi katika kiwanda cha mashine Berlin. Kwanza yeye na wenzake walijaribu maji. Waliingia mto Wami, kisha Kingani, kwa mashua yao ya moshi, jina lake Daisy. Wakaona mito ile yapindapinda mno, haifai. Basi likabaki gurudumu.

Fundi wa kiwandani, achaguapo namna ya kukata meno ya gurudumu, au namna ya kulizuia lisiende mbio, hulijaribu mezani pake. Likivunjika, huliona pale pale. Hapa meza ilikuwa mwitu wenyewe. Mwaka ule ule Roger Price, wa Chama cha Misioni cha London, aliyezoea magari ya maksai huko kusini ya Afrika, alichukua maksai wanne toka Saadani mpaka Mpwapwa, akarudi nao pwani. Wakatoa shauri kwamba njia ni salama.

Jaribio lile lilikuwa la busara, tena lilidanganya. Ng'ombe aumwaye na mbung'o haanguki siku ile; hukonda taratibu, na pengine hufa baada ya majuma mengi au miezi. Kufika na kurudi hakukuthibitisha neno. Mbung'o walijulikana kuwa wauaji, lakini vijidudu wanavyotia katika damu havikujulikana mpaka David Bruce alipovichungua Zululand katika 1895. Nyati na wanyama wengine wa mwitu huwa na vijidudu hivyo wala wasiugue sana, na nchi ya Saadani ilijaa wanyama, kama mbuga ile ilivyo nao hata leo. Nasi twaona lilikuwapo jambo jingine la kuuliza: nchi yenye biashara kubwa namna ile, mbona haina gari hata moja?

Katika 1877 Mackay alikata njia toka Saadani mpaka Mpwapwa, maili 230 hivi. Watu walifyeka miiba kwa mashoka, wakachimba kingo za vijito ili magari yashuke na kupanda. Mpagazi hupita penye upana wa mabega yake. Gari lataka mara nyingi zaidi, na kila kisiki king'olewe. Kisha magari yakaja. Matope yalishika magurudumu, na maksai wakafa, wa Mackay na wa watu wa London pia. Price alirudi Ulaya kueleza mambo yalivyo. Mizigo ikarudi vichwani.

Ile Daisy, iliyoshindwa na Wami, ilifunguliwa vipande, ikachukuliwa na wapagazi hadi ziwa la Victoria. Mackay aliikuta Kageye katika Juni 1878, imeharibika, akaitengeneza. Mwezi wa Agosti alisafiri nayo pamoja na mwenzake Wilson, dhoruba ikaitupa pwani ya magharibi. Mbao za kuitengeneza hazikuwapo. Basi walikata futi 8 za katikati, wakaunga omo na tezi, na kwa mbao za kile kipande cha katikati wakaziba palipovunjika. Kazi ile ilichukua majuma 8, na katika Novemba mashua, fupi kuliko ilivyoundwa, ikafika Entebbe.