Maji ya Copenhagen

Anayefuga matumbawe ndani ya tangi la kioo huamini kipimo chake cha chumvi kwa kuwa kinatoa namba. Lakini historia ya kupima bahari inaonyesha kwamba namba hupata thamani pale tu wapimaji wote wanapokuwa na maji mamoja ya kulinganishia. William Dittmar alichanganua sampuli 77 zilizoletwa na meli ya Challenger, iliyosafiri baharini kati ya 1872 na 1876. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1884 yalithibitisha kwamba katika bahari kuu, chumvi kubwakubwa hukaa kwa uwiano uleule karibu kila mahali. Basi ikatosha kupima kloridi kwa nitrati ya fedha na kukokotoa nyingine zote. Hata hivyo, maabara mbili zenye mafundi hodari ziliweza kutofautiana juu ya maji yaleyale, maana kila moja ilikoroga kemikali zake yenyewe. Martin Knudsen wa Denmark ndiye aliyelimaliza tatizo hilo: alitoa majedwali ya kukokotolea mwaka 1901, na kutoka Copenhagen yakaanza kusambazwa maji ya bahari yenye kloridi iliyokwisha kujulikana, ndani ya vioo vilivyozibwa kwa moto ili hata tone lisikauke. Kwa maoni yangu, vioo hivyo vilifanya kazi kubwa kuliko kifaa chochote cha zama zile.

Yupo atakayesema umeme umeyaondoa hayo. Haukuyaondoa: kipimo cha kimataifa cha mwaka 1978, kinachotumia upitishaji wa umeme, nacho kimefungwa kwenye mmumunyo maalumu wa kloridi ya potasiamu, gramu 32.4356 katika kila kilo, kwa nyuzi 15 za Selsiasi. Pingamizi zito zaidi ni kwamba matumbawe ya kaskazini mwa Bahari ya Shamu hustawi kwenye chumvi inayokaribia gramu 40 kwa kila kilo ya maji, hivyo kosa la 3 halidhuru. Ni kweli tumbawe linaweza kulistahimili. Anayepotoshwa ni mfugaji. Maji ya 35 yana miligramu kama 412 za kalisi kwa kilo. Yakiwa 32, kalisi hushuka hadi 377 hivi. Anayedhani yuko kwenye 35 ataongeza kalisi, na hapo atauvunja ule uwiano wa Dittmar kwa mkono wake. Baadhi ya vipimo vya lenzi vimepigwa mistari kwa ajili ya chumvi ya mezani, na maji ya bahari ya 35 huyasoma kama 36.5, hata vikiwa vimewekwa sawasawa kwenye sifuri kwa maji safi. Kosa hilo hujitokeza tu kwa kimiminika cha kulinganishia chenye thamani ya 35, kilichohifadhiwa kikiwa kimezibwa.