Alóctono: neno la mawe lililowafikia viumbe

Cabo Ortegal ni rasi ya Galicia, kaskazini mwa Hispania. Genge la Herbeira lililo karibu nayo limepanda zaidi ya mita 600 juu ya bahari, na jiwe lake, jeusi lenye ukijani, ni zito mkononi kuliko unavyolidhania kwa macho. Jiwe hilo halikuzaliwa hapo. Lilipikwa chini sana ardhini, na mabara yalipogongana zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, likasukumwa na kulazwa juu ya miamba iliyokuwepo. Wanajiolojia wa Hispania huliita alóctono.

Asili ya neno ni Kigiriki: allos ni “nyingine”, khthon ni “ardhi”. Kinyume chake ni autóctono, yaani mwenyeji wa udongo uleule. Katika karne ya 19 wanajiolojia wa Ulaya waliitumia jozi hiyo kutenganisha makaa ya mawe yaliyotokana na mimea iliyofukiwa palepale ilipoota, na yale ya mabaki yaliyobebwa na maji. Wanaikolojia nao wakalichukua: jani la mti wa ukingoni likidondokea mtoni, ni chakula alóctono cha mto.

Kisha likawafikia wanyama. Mwaka 1974 kamba wekundu wa maji baridi kutoka Louisiana waliachiwa katika vinamasi vya mto Guadalquivir, Hispania. Walikuja na vimelea vinavyowaua kamba wa asili, na wakatoboa kingo za majaruba ya mpunga. Lakini mji wa Isla Mayor, ulio hapo, unaishi kwa kuwavua. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu kuhusu spishi vamizi iliyoutishia uvuvi huo. Mwaka 2018 sheria ikarekebishwa ili uvuvi uendelee.

Hapo ndipo maneno mawili yanapoachana. Alóctono huuliza umetoka wapi; vamizi huuliza unafanya nini. Uholanzi ilipowabandika wahamiaji neno la kwanza, hata watoto wao waliozaliwa hukohuko, swali la kwanza likageuka hukumu. Mwaka 2016 ofisi yake ya takwimu ikaliacha.

Sisi tunaye sangara, aliyepandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950. Amewamaliza samaki wengi wa asili, na amezilisha nyumba nyingi za Mwanza na Kisumu. Tukimwita mgeni tumeeleza safari yake tu. Matendo yake yanataka kupimwa kwa mizani yake yenyewe.